Macho ya Wifi

Kavumbi alikuwa dalali wa nyumba za kupanga pale Ukunda, na kama madalali wengi alikuwa mwongo wa kazini. Nyumbani kwake hakuwa mwongo, mkewe angekuapia. Lakini akishashika ufunguo wa nyumba ya mtu, ulimi ulibadilika wenyewe. Chumba kisichokuwa na dirisha alikiita chumba cha baridi. Choo cha mbali alikiita choo kisichosumbua kwa harufu. Mlango uliokuwa haufungi alisema kwamba mtaa ule hauna wezi. Watu walijua kuwa anadanganya, naye alijua kuwa wanajua, na biashara ikaenda hivyo hivyo bila mtu kumchukia mwenzake.

Kwa hiyo Twaiba alipomtumia ujumbe kwamba anatafuta nyumba ya vyumba viwili, ya kodi anayoiweza mtu wa kawaida, na isiwe mbali na shule ya watoto wake, Kavumbi alijibu anavyojibu kila mtu. Ipo, njoo uione leo, kesho hutaikuta.

Twaiba akamwandikia kwamba hawezi kuja kuona nyumba yoyote. Alikuwa kwenye eda.

Kavumbi ni Mduruma wa upande wa Mackinnon Road. Alikuja Ukunda zamani kubeba zege kwenye majengo ya hoteli, akabaki. Mambo ya eda alikuwa akiyasikia tu kwa majirani: mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku zake, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na mwanamume asiyekuwa wa kwao haonani naye uso kwa uso. Alichokuwa hajawahi kukisikia ni mjane wa kwenye eda anayetafuta nyumba. Aliona ni jambo gumu, lakini hakuona ni la kukataa, maana dalali hulipwa kwa kuonyesha, na mjane anaweza kumtuma mwenye miguu aje kumwonea.

Mumewe Twaiba, Abdulkadir, Kadiri kwa ndugu zake, alikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni kule Diani, moja ya zile nyumba kubwa ambazo wenyewe huja mara moja au mbili kwa mwaka na miezi iliyobaki hulala makuti na nyani. Familia ilikuwa ikikaa vyumba vya uani, nyuma ya bustani. Siku moja Abdulkadir alianguka akisafisha bwawa la kuogelea, na presha haikumpa nafasi ya kufika hospitali. Wenye nyumba hawakuwa watu wabaya. Walituma mchango wa mazishi, wakatuma na salamu kwamba mama na watoto wakae mpaka eda iishe. Baada ya hapo atakuja mtunzaji mwingine, na mtunzaji mwingine ana mke wake.

Eda ilikuwa imebaki wiki chache. Ikiisha, Twaiba atoke aende wapi? Njia zilikuwa mbili. Apate nyumba Ukunda, ambako alikuwa na kibanda cha kushonea madera, wateja wanaomjua, na shule ya Hanifa na mdogo wake Swafwan. Au awachukue watoto aende Jego, kwao marehemu, karibu na Vanga, akakae kwa mashemeji. Jego hawakuwa wamemkosea kitu. Lakini kule hakuwa na wateja wala kibanda, na hakutaka kuwa mtu wa kungojea sahani ya mwenziwe. Hilo alilisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza. Kwao mwenyewe, Msambweni, nyumba ya wazazi ilikuwa imejaa kaka na wake za kaka.

Na nyumba Ukunda zilikuwa zimekwisha. Kila mwenye vyumba viwili siku hizi amenunua televisheni ya ukutani na shuka nyeupe, ameviita makao ya watalii, na kodi ya mwezi mzima anaitaka kwa siku chache. Zile zilizobaki za bei ya binadamu zilikuwa zikipata mtu kabla rangi haijakauka.

Picha za simu Twaiba alikuwa amezikataa tangu mwanzo. Kuna picha moja ya chumba chenye vigae vyeupe na pazia la zambarau ambayo imezunguka Ukunda yote. Kavumbi alimtumia kama nyumba ya Bongwe, na dalali mwingine alikuwa ameshamtumia kama nyumba ya Mwakamba. Mwenye chumba kile hasa hakuna anayemjua, huenda yuko Tanga.

"Nitakwenda mimi, wifi," alisema Khamisa. "Macho yangu ni yako."

Khamisa alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Alikuja kutoka Jego siku ya maziko na hakurudi. Yeye ndiye aliyekwenda sokoni, aliyepeleka watoto shule, aliyepika, aliyepokea wageni wa kutoa pole na kuwaaga wale waliosahau kuondoka. Bila yeye eda ile isingekalika. Twaiba alimwamini kama mtu anavyoamini mkono wake.

Basi wakaweka utaratibu wao. Kavumbi na Khamisa wanakwenda kuona nyumba mchana. Wakirudi, Khamisa anaingia ndani, Kavumbi anabaki kibarazani nje ya pazia, kila mmoja anatoa habari yake, na Twaiba anauliza maswali kutoka ndani. Kavumbi alikuwa hajawahi kufanya kazi ya namna hiyo. Alimjua mteja wake kwa sauti tu, sauti ya mtu asiyependa maneno mengi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Bongwe, na ilikuwa mbovu, tuseme kweli. Khamisa aliweka kiganja ukutani, akakitoa kikiwa na rangi na mchanga. Kavumbi alisema ukuta unapumua. Khamisa alimtazama tu. Waliporudi alimweleza wifi yake kila kitu kama kilivyokuwa, na Kavumbi pale kibarazani hakujitetea sana. Moyoni alimheshimu yule mama.

Ya pili ilikuwa Gombato. Hiyo ilikuwa nyumba ya kawaida, haina sifa wala aibu. Waliporudi Khamisa alisema maji yake ya chumvi, hayafai hata kupikia ugali. Kavumbi alikunja uso. Maji ya bomba lile alikuwa ameyanywa mwenyewe asubuhi ile, na yalikuwa matamu. Akasema labda ulimi wa mtu mzima una mambo yake. Twaiba akasema, "Basi tuiache."

Ya tatu ilikuwa Mvindeni, kwa Bi Hafswa.

Nyumba za Bi Hafswa hazifiki kwa madalali mara kwa mara, kwa sababu wapangaji wake hawatoki. Safari hii mpangaji alikuwa amehamishwa kazi. Bi Hafswa alikuwa amekataa televisheni ya ukutani na shuka nyeupe. Alitaka familia, watu wa salamu, na kodi aliyoitaja ilimfanya Kavumbi amwombe airudie. Vyumba viwili, jiko, kiua kidogo, na shule ya watoto upande wa pili wa barabara. Kavumbi alipofungua mlango alijikuta hana la kusema. Hakukuwa na kitu cha kupamba.

Khamisa alipita chumba hadi chumba polepole. Alifungua bomba, akanywa kwa kiganja. Alivua viatu akakanyaga sakafu. Kwenye chumba cha pili alisimama muda mrefu ameelekea ukutani, mpaka Kavumbi akakohoa.

"Unaonaje, mama?"

"Nimeona," alisema Khamisa, na akatangulia kutoka.

Jioni ile kibarazani, Kavumbi alikaa ametulia, akingojea kusikia nyumba yake ikisifiwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Wifi, nyumba yenyewe si mbaya kwa macho," alisema Khamisa ndani. "Lakini ukuta kwa ukuta na mangwe. Wanywaji wa mnazi wanaanza adhuhuri, matusi yote yanaingia dirishani. Hanifa anakua, utamlea wapi pale? Na mvua za masika maji yanaingia mpaka magotini. Nimeonyeshwa alama ukutani."

Kavumbi alikaribia kucheka. Maisha yake yote alikuwa amesikia uongo juu ya nyumba, lakini wote ulikuwa ukielekea upande mmoja. Wa kuelekea upande huu hakuwahi kuusikia.

"Mama, hapana mangwe pale," alisema kupitia pazia. "Jirani ni mwalimu wa madrasa. Alama gani ya maji?"

"Kavumbi," sauti ya Twaiba ilisema bila hasira, "wewe kila nyumba kwako ni pepo."

Hilo lilikuwa kweli.

Khamisa alimsindikiza mpaka langoni, akampa haki yake ya kuonyesha. Kavumbi alishika ile noti asiitie mfukoni.

"Mama Khamisa, kwa nini?"

Khamisa alikuwa mwanamke mrefu, na leso ya msiba ilimfanya aonekane mrefu zaidi. Alitazama upande wa barabara.

"Wewe kazi yako ni kuonyesha. Umeonyesha, umelipwa. Watoto wa Kadiri wana kwao."

Akafunga lango.

Ingekuwa ni faida tu, Kavumbi angelala usingizi wake. Kulikuwa na kijana wa bara, mhudumu wa baa ya hoteli, aliyekuwa akimpigia simu kila asubuhi: "Boss, ile keja ya Mvindeni bado iko ama ishaenda?" Bi Hafswa hakumtaka, lakini alisema Ijumaa ikifika bila familia atampa yeye, nyumba haiwezi kulala tupu. Kavumbi angepata chake kwa vyovyote. Na akiendelea kumtembeza Khamisa kwenye nyumba nyingine, angepata na za kuonyesha mpaka eda iishe.

Lakini ilimuuma. Siku mbili chakula hakikuwa na ladha, na mkewe akamuuliza kama anaumwa. Alimwambia mkewe, kwa hasira ambayo haikumhusu mkewe hata kidogo, kwamba amepata nyumba moja nzuri tangu aanze kazi, moja tu, na ndiyo hiyo hiyo asiyoaminiwa kwayo. Mkewe akamuuliza alitarajia nini. Hilo nalo likamuuma. Halafu kuna yule mama wa ndani ya pazia, aliyefungiwa na dini yake na asilalamike, anaulizia dirisha linaelekea wapi na bomba liko wapi, na anachojibiwa ni upepo.

Alhamisi alasiri alikwenda Diani bila kuitwa. Alipiga hodi langoni, Khamisa akamfungulia akiwa na unga mikononi, alikuwa akikanda chapati. Hakufurahi kumwona.

"Leo sina nyumba ya kuonyesha, mama. Nimekuja kusema neno, na nalisema wewe ukiwepo."

Khamisa hakumzuia. Angemzuiaje mbele ya wifi yake? Kavumbi alikaa kibarazani, akaelekea pazia.

"Mama Hanifa, hujambo?"

"Sijambo, Kavumbi. Karibu."

"Mimi leo sikuja kuisifu nyumba ya Mvindeni. Nimekuja kukwambia ubaya wake. Mlango wa jikoni unakwama, lazima uuinue ndiyo ufunge. Choo kiko uani, na usiku utatoka na tochi. Bati la chumba cha mbele lina tundu, si kubwa, lakini lipo, na Bi Hafswa amesema ataliziba tangu mwaka juzi. Asubuhi watoto wa madrasa wanasoma kwa sauti, na mwalimu wao ana sauti kuwashinda wote. Bi Hafswa mwenyewe hapendi wageni wa kulala bila kumwambia, na atakuuliza unapika nini. Huo ndio ubaya wote ninaoujua."

Twaiba hakuwahi kusikia dalali akiitoa nyumba kasoro, na wewe pia hujawahi.

"Na mangwe?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna. Ya karibu iko nyuma ya soko, na hiyo hata hapa utaisikia upepo ukiwa mzuri."

"Na maji ya mvua?"

"Nyumba iko juu, mama, ina ngazi. Maji yakikufikia pale, Ukunda nzima itakuwa imeshahamia Kwale mjini."

Twaiba hakucheka. "Wifi," aliita. "Njoo."

Khamisa alipita mbele ya Kavumbi na mikono yake ya unga, akaingia. Pazia likarudi mahali pake. Kavumbi angeweza kuondoka, na mtu mwenye adabu kamili angeondoka. Alibaki.

"Kavumbi anasema hakuna mangwe."

"Kavumbi ni dalali."

"Najua kuwa ni dalali. Ndiyo sababu nakuuliza wewe." Sauti ya Twaiba ilikuwa ya chini. "Mimi siwezi kutoka kwenda kutazama, wifi. Ukiniambia ipo, basi kwangu ipo, na huyu nitamwambia aende zake. Sitamuuliza mtu mwingine. Ipo?"

Sufuria ya maji ilikuwa ikichemka jikoni, na hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Haipo," alisema Khamisa.

"Na maji ya Gombato?"

"Matamu."

"Subhanallah," alisema Twaiba. Kisha sauti yake ikapanda, na Kavumbi akasikia kwa mara ya kwanza kuwa yule alikuwa mwanamke kijana. "Wewe Khamisa! Nimekaa humu ndani siku zote hizi, sina jua, sina barabara, sina mtu ila wewe. Nilikupa macho yangu nikakwambia tazama. Ukanifanyia hivi? Ningekwenda kulala wapi na watoto? Ulitaka nikose kila mahali ndipo nikufuate kama mbuzi?"

"Nilitaka watoto waje nyumbani."

"Ungesema!"

"Ningesema ungekataa. Nikikwambia nyumba ni nzuri, unakwenda." Khamisa alikuwa akizungumza polepole, akitafuta maneno. "Kadiri nilimlea mimi, Twaiba. Mama alifariki yeye hajasimama dede. Nilimbeba mgongoni mpaka wenzangu wakawa wananiita mama mtu, na mimi sijaolewa. Nilipoolewa nilikwenda naye. Nilipoachwa nilirudi naye. Sasa nimemtia mchangani, na wanawe wakae Mvindeni kwa Bi nani sijui, wawe watoto wa mjini, niwaone Idi kwa Idi. Watakuja wananiamkia shikamoo shangazi kama wanavyomwamkia mwenye duka. Niliona siwezi. Nilijua ni dhambi na niliona siwezi."

Kavumbi alitazama viatu vyake na kutamani vingekuwa karibu zaidi.

"Nieleze nyumba," alisema Twaiba.

"Nimekwisha kukwambia, ni nzuri."

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Nieleze. Niingize mlangoni."

Khamisa alianza kwa sauti ya mtu anayehojiwa, lakini alivyoendelea sauti ilibadilika.

"Ukipanda ngazi kuna kibaraza, si kikubwa, unaweka mkeka mmoja. Mlango ni wa mbao za kweli. Chumba cha mbele dirisha lake linatazama barabara, mwanga unaingia mpaka alasiri, cherehani yako itakaa hapo na wateja hawatahitaji kuingia ndani. Hilo tundu la bati liko pembeni, utaweka beseni. Jikoni moshi unatoka wenyewe. Kiuani kuna mlimau, haujazaa, umepandwa vibaya lakini utapona ukipata majivu. Chumba cha ndani ndicho cha watoto. Kitanda ukiweke ukuta wa upande wa jiko, usikiweke wa barabarani, kwa ajili ya kifua cha Swafwan, vumbi lisimfikie. Hanifa alale upande wa ukuta maana anageuka sana usiku. Nimepima kwa hatua, kitanda kinakaa, na mlango unafunguka bila kugonga. Panabaki nafasi ya mkoba wa shule na..." Akasita. "Panabaki nafasi kidogo."

Kavumbi, aliyekuwa amefungua mlango wa nyumba ile mara nne, alijua sasa kuwa hakuwahi kuiona.

"Na mimi nikija," alisema Khamisa, "nitalala wapi?"

Sauti ya Twaiba ilikuwa bado ina hasira, na hakujaribu kuificha.

"Sijakusamehe, Khamisa. Labda nitakusamehe eda ikiisha, labda baadaye, sijui. Lakini ukija utalala nao, kitanda kimoja, katikati yao. Baba yao si ulilala naye hivyo hivyo mpaka akawa mkubwa? Na hutakuja Idi kwa Idi. Utakuja utakapotaka, na ukija usipige hodi."

Khamisa, ambaye msiba mzima alikuwa ndiye anayewanyamazisha wengine, aliyeosha vyombo vya matanga na kukunja mikeka bila chozi, alilia. Alilia kwa sauti, kama walivyolia wenziwe siku ya maziko, akilitaja jina la ndugu yake na kurudia. Watoto waliokuwa wakicheza bustanini wakanyamaza. Baadaye Kavumbi akasikia sauti ya Twaiba naye, imeungana na ile.

Akavaa viatu, akasogea mpaka langoni, akampigia simu Bi Hafswa. Alimwambia nyumba imepata familia, na yule kijana wa hoteli aambiwe atafute kwingine.

"Familia ya watu wangapi?" aliuliza Bi Hafswa. "Nisije nikakuta kijiji kizima."

"Mama na watoto wawili," alisema Kavumbi. "Na shangazi yao."

"Huyo shangazi anakaa, au anatembelea?"

Kavumbi aligeuka akatazama kibaraza. Kule ndani bado walikuwa wakilia.

"Anakaa," alisema.